Kijana wa Kungojewa Miaka Tano

Leo nyumbani kwangu kumetetewa kijana ambaye hakuna hata mmoja wetu amewahi kumuona.

Tulikuwa tumetoka kanisani, hapa Reynoldsburg, Amerika. Bwana yangu, Papa Neema, na jirani yetu Papa Espoir wakakaa mbele ya televisheni na sahani zao. Timu yao ya besiboli ilikuwa imechagua mchezaji mpya kutoka shule ya sekondari, mrushaji wa mpira wa miaka kumi na nane.

Papa Espoir alikasirika. "Si wangechukua mtu amemaliza chuo kikuu, aanze kucheza sasa?"

Bwana yangu akaweka chini sombe yake, majani ya muhogo anayopenda. Ukiona ameacha sombe, ujue mambo imekuwa nzito.

"Donc hamuna uvumilivu? Mtoto wa umri ile bado anajitafuta. Mumupe miaka tano. Hata akikosea, mumuache akosee."

Bon. Karibu nilie, vile alisema vizuri.

Neema, binti yetu wa miaka kumi na tisa, akaona leo ndiyo siku yake.

"Baba, nataka kuacha unesi, nisomee kuchora majumba. Itaongeza mwaka moja tu."

"Mwaka mzima? Unazani nani atakungoja? Kesho twende wote, kule ghalani ninakofanya kazi wanatafuta watu."

Neema hakubishana. Aliuliza tu, polepole:

"Na kama ningekuwa narusha mpira?"

Papa Espoir akainamia sahani yake.

Wababa wote munaosoma hapa, mumusaidie bwana yangu kujibu. Yeye bado anatafuta rimoti ya televisheni, na iko mkononi mwake.