Mvuta riksho aliyeamini moshi ungemkinga

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umetanda mitaa ya Antsirabe, Madagaska. Ravelojaona, peku, anapandisha mwinuko wa sokoni akivuta posiposi, kigari chake cha abiria. Nyuma amekaa mama mwenye kapu la karoti.

"Kaka Ravelo, leo umeamka na punda?"

"Punda ni mimi mwenyewe, mama. Shika karoti zako nisizile!"

Anacheka bila kukohoa. Mwaka juzi asingeweza.

Wakati ule wa baridi, homa ya virusi ilivamia vifua vya watu mjini. Kituoni, Dolin, mvuta posiposi mwenzake, alidai amesikia redioni kuwa wavuta sigara hawaugui sana, eti nikotini inawakinga. Ravelojaona, mvutaji tangu ujana, akafurahi.

"Mke wangu akinisema namwambia, niache, hii ndiyo chanjo yangu."

Mume na mke waliugua pamoja. Mkewe Vololona, asiyevuta, alilala siku chache, akanywa uji, akainuka. Mume alizidiwa. Midomo ikageuka rangi, akawa hawezi kumaliza neno. Dolin ndiye aliyempakia kwenye posiposi na kumkimbiza hospitali huku akimlilia Vololona: "Shemeji, nisamehe, mimi ndiye niliyemjaza uongo!"

Aliwekewa mipira ya oksijeni puani. Daktari hakumkaripia.

"Nikotini yenyewe wataalamu bado wanabishania," alimwambia. "Moshi hatuubishanii. Unaharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa. Siwezi kuapa ndio uliokuleta hapa, lakini wavutaji huwa nawaona wakizidiwa zaidi."

Aliporudi nyumbani, Ravelojaona alihamia kwenye tumbaku ya kuweka mdomoni. Haina moshi, alijitetea.

"Kwa hiyo umezima moto, umebaki na majani?" Vololona akamuuliza.

Ilimchukua muda kuiacha nayo. Usingizi ulipaa, hasira zikawa karibu. Siku nyingine alivuta abiria akiwa amekunja uso hadi wakamhama. Dolin bado anavuta sigara, ila akimwona mwenzake anakuja, huvuka barabara moshi usimfikie.

Mwezi wa nane binti yao Fara anaolewa. Ravelojaona anataka kumpeleka kanisani kwa posiposi, akiivuta mwenyewe.

"Tukodi gari kama watu wengine," Vololona anapinga.

Mumewe anatikisa kichwa.

"Nikiwa na ile mipira puani nilimwomba Mungu nimwone tu akiolewa," anasema. "Sasa nimeingiwa na tamaa. Nataka nimfikishe mimi."