Farasi Niliyempa Mkwe Wangu

Haya nayaandika uso ukinichoma, ingawa nusu ya mji wetu wa Amu ilikuwapo na haina haja ya kukumbushwa.

Baada ya Idi, mtaa wa Langoni na sisi wa mtaa wa Mkomani tulishindana sataranji, na bahati ikanikutanisha na Bwana Athmani, mkwe wangu, tucheze kwenye daka la nyumba yake mwenyewe, pale penye viti vya mawe mlangoni. Ghorofani mwa nyumba hiyo alikuwamo mke wangu, Bi Rukia, aliyerudi kwao kwa sababu (nisimsingizie, haki ilikuwa yake) nilizoea kucheza hiyo hiyo sataranji mpaka wali wake unapoa. Alikuwa ameleta neno kuwa atarudi siku baba yake atakaponiridhia.

Basi kwa akili yangu hii nikaona adabu ni kushindwa. Lakini kushindwa pole pole ni kazi, nami nina haraka ya mke, kwa hiyo mchezo haujachangamka, askari wachache tu wamesogea, nikamtoa farasi wangu nikamweka penye kuliwa, bure, kama sahani ya halua, kisha nikajifanya nanywa kahawa (kikombe kilikuwa kitupu).

Bwana Athmani hakumla. Akanitazama.

"Bwana Shee, huyu farasi kapotea ndia?"

"Hapana, Baba. Nimeona hapo pamfaa."

"Ala! Mimi ni maskini wa mlangoni, wanipa sadaka mbele ya watu?"

Daka zima likaangua kicheko. Langoni wakaniita "Karimu! Karimu!", na watu wangu wa Mkomani wakataka niondolewe, eti nimeuza mtaa. Nikamwomba radhi mkwe. Akazipanga kete upya kwa mkono wake.

"Teza kweli. Ukinihadaa mimi hapa, mwanangu huko ndani wamfanyaje?"

Nikacheza kweli, wallahi, kwa nguvu zangu zote, kofia imelowa jasho, na kahawa mpya haijapoa shaha wangu, mfalme wa kete, akafungwa pembeni hana pa kukimbilia. Nami ndiye niliyetaka kumwachia! Kwa haki, hata ningeongezewa farasi wawili nisingepona.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha dirishani juu nikakisikia kicheko ninachokijua, kile kinachoanza kwa kukosa pumzi. Mkwe naye akakisikia, akainua uso.

"Rukia! Funga nguo zako, mwanangu. Huyu hana ujanja wa kukuhadaa."

Nimeapa sitashindwa kwa makusudi tena. Nikicheza na mkwe sasa, nashindwa kwa jitihada zangu zote.