Vipepeo Wanapita, Safiya Yuko Edani

Mwaisha alipigilia kanga madirishani siku ileile ya hitima, akasema mjane hatazami njiani. Naijua habari hii vizuri, maana nyumba yangu na ya wifi yake Safiya zinatazamana hapa Kambarage, na misumari aliiazima kwangu. Ningejua ni ya kazi hiyo, ningemwambia misumari imekwisha.

Kabla ya kufiwa, mtaa mzima ulimjua Safiya kwa vipepeo. Mtu mzima na watoto wake, utamkuta ameinama kwenye majani ya kando ya barabara, anapiga picha kwa simu, kisha anawatumia wenzake wapenda vipepeo kwenye kundi lao la WhatsApp, pamoja na tarehe na mahali. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Kwetu Ushirombo, ukimwona mtu mzima anakimbiza mdudu, basi ni kumbikumbi, na kikaango kiko jikoni kinasubiri. Aliyekuwa hacheki ni mumewe, Yasini, dereva wa lori la pamba.

Mvua za kwanza zikinyesha, vipepeo weupe hupita mjini makundi kwa makundi, wote wakielekea upande mmoja. Safiya huwahesabu kila mwaka, na tangu aolewe hajawahi kuwakosa. Mwaka huu figo zilimchukua Yasini wakati wa kiangazi, na mvua zikamkuta mkewe edani.

"Mama Innocent, wameanza?" aliniuliza kila nilipompelekea uji. Chumba kilikuwa kiza na joto lake la tanuri. Alikuwa amekonda. "Sitaki kitu kingine, shoga. Nataka niwaone wakipita, basi. Nikiwakosa na hao, nitakuwa nimebaki na nini?"

Hasira zikanipanda, nikamfuata Mwaisha barazani. "Wifi yako anakauka humo ndani."

"Eda ni eda," alisema. "Udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka, mkewe atoke kutazama vipepeo? Watu watasemaje?"

"Watu gani?"

"Watu."

Ndio hao, watu. Hawana jina wala mlango wa kubisha hodi, lakini wanatawala Shinyanga nzima.

Asubuhi moja watoto walipiga kelele njiani. Nilipotoka, hewa yote ilikuwa nyeupe. Kandambili nilizisahau. Nilikwenda mpaka msikitini, mimi Mkatoliki, nikasimama nje nikamwita Sheikh Abdulhalim.

"Shikamoo, sheikh. Mjane anaruhusiwa kusimama uani kwake?"

"Marahaba. Kwani ua si nyumba yake?" Alinishangaa. "Eda si jela, mama. Nani kamfungia?"

Nikarudi naye. Aliyasema yaleyale pale barazani, kwa upole, tena mbele ya majirani. Mwaisha aliinamisha kichwa, akaenda kufungua mlango wa uani.

Safiya alitoka amefumba macho kwa sababu ya mwanga. Vipepeo walikuwa wanavuka ukuta, wanapita juu ya kamba ya nguo na juu ya vichwa vyetu. Akasimama katikati ya ua, akaanza kuwahesabu kwa sauti, ila wa kulia tu. Wa kushoto hakuwageukia kabisa. Yeye na Yasini walikuwa na utaratibu wao: husimama bega kwa bega, kila mmoja na upande wake, ili kipepeo mmoja asihesabiwe mara mbili, halafu wanajumlisha.

Mwaisha, maskini, alidhani anakosea. "Wifi, na wa huku je? Mbona unawaacha?"

"Hao ni wa kaka yako."

Akaendelea kidogo, kisha sauti ikamkatika. Mwaisha aliketi palepale kwenye saruji, akalia kwa kwikwi, yeye ambaye hata msibani hakutoa chozi mbele yetu. Mimi nikaropoka, "Basi nikuhesabie mimi huo upande."

Safiya alitikisa kichwa.

"Kaa basi, shoga," nilimwambia. "Bado wanapita."

"Nilidhani nikifunguliwa mlango nitapona," alisema.

Akarudi ndani. Mlango aliufunga mwenyewe.