Jambo, Bailleur

Mukunga wa avenue yetu, hapa Kadutu, hupasha mikono yake kwapani kabla ya kugusa mtoto mchanga, halafu humsalimia, "Jambo, bailleur!" yaani mwenye nyumba ya kupangisha. Sikuelewa kwa nini, hadi dada yangu Francine alipojifungua akiwa na homa, akatundikiwa dripu ya antibiotiki. Tantine, shangazi yetu, alitaka kumwaga maziwa ya kwanza, yale ya manjano. "Iko na mikrobe!" Mukunga akacheka mpaka kofia ikateleza. "Njo mikrobe benye tunangojea, maman! Dawa iliokoa mama, lakini inafukuzaka hata mikrobe ya muzuri. Tumbo ya bailleur iko nyumba mupya, acha bapangaji ya mu maziwa baingie." Mtoto aliposhika titi, nilijivuna kana kwamba mimi ndiye mukunga. Tantine akamwinamia: "Haya bailleur, pokea bapangaji yako."