Nilimpelekea baba ya Nekesa meza ya "mahogani"

Wakuu niaje. Hii ni yangu, sijatunga. Ningependa sana iwe ya jirani.

Mimi ni fundi wa mbao Kawangware, stage ya 46, nalala mtaa wa Lindi si mbali na hapo. Natengeneza meza za paini, mbao ya bei rahisi. Tukishapaka vanishi nyekundu tunaziita mahogani. Msinihukumu, 46 yote tunafanya hivyo.

Juzi mpenzi wangu Nekesa akaniambia, "Baba anataka kukuona. Akikukataa, mimi siwezi kumpinga."

Sikutaka kwenda mikono mitupu, nikamtengenezea mzee meza. Mahogani.

Tukaifunga kwa pickup ya beshte yangu anayeendea viazi huko juu, upande wa kwao Nekesa. Hiyo barabara kuu, ukipita mji wa mwisho ni msitu. Miti mirefu imejipanga pande zote, kisha center ya maduka matatu na mama wa mahindi, halafu msitu tena.

Nikauliza Nekesa, "Hii miti inaitwaje?"

Akaniangalia. "Si ni paini."

Manze. Miaka tisa napiga randa paini na sijawahi kuona moja ikiwa imesimama.

Nikauliza polepole, "Na mzee hufanya nini?" Mimi nilijua ni mkulima.

"Kwani sikukuambia? Anapasua mbao. Tangu sijazaliwa."

Nilifikiria kuangusha meza njiani, lakini kila center watu wanatupungia mkono.

Tulipofika mzee akatusalimia vizuri, kisha akapindua meza. Chini huwa hatupaki vanishi. Akanusa.

"Kijana, huu ni mti gani?"

Nikaangalia Nekesa. Nekesa akaangalia kuku.

"Ni paini, mzee. Nimeipaka rangi."

Akaingia ndani. Nikajua nimemkosa Nekesa. Akarudi na msasa.

"Toa."

Nikavua koti ya suti nikaanza kusugua, hapo nje, majirani wakipita na mitungi wakinisalimia. Chai ilipikwa, ikanywewa, sikuitwa.

Mbao ikatoka nyeupe, na vifundo vyake vyote. Mzee akapitisha kiganja juu yake.

"Sasa hii ni meza. Leteni viti, tuongee na huyu."

Siku hizi kwa kibanda nasema paini. Wateja wengine wanaenda kwa jirani, sawa tu.

Funzo: uliza mkwe hufanya kazi gani kabla hujabeba zawadi. Nyinyi wakwe waliwapima na nini? Na mafundi wa 46, najua mnasoma. Matusi yawe machache.