Mdudu wa Maji Kwenye Mrija wa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya saratani, hapa Doha, hed-nasi, muuguzi mkuu wetu, alinipitisha kitanda hadi kitanda akinionyesha mirija. Mrija ni mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa kifuani ukabaki hapo miezi, ili mgonjwa asidungwe kila mara. Aliniambia mlango wa dawa ndio mlango wa vijidudu, na nesi asiye na shaka arudi kwao. Mimi kwetu Kisii nilizaliwa na shaka, basi tulielewana.

Nikiwa karibu kustaafu, alilazwa Bi Zuhura, Mzanzibari, mpishi wa nyumba moja Al Rayyan. Mara mbili alishikwa na homa ya kutetemeka. Damu ikaoteshwa maabara, akapatikana bakteria ambaye wengi wetu hatukuwahi hata kumsikia. Daktari akaamua mrija utolewe, uwekwe mwingine upande wa pili. Huo nao ukiingia mdudu, tiba ingesimama, na saratani haingemsubiri.

Hed-nasi aliniita kando. “Huyu mdudu haishi kwenye ngozi ya mtu. Anaishi majini. Nitafutie hayo maji.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilishuku sinki, nikashuku wasafishaji, nikawasimamia wenzangu wakibadilisha bandeji mpaka tukaacha kusalimiana kwenye basi la wafanyakazi la kwenda Abu Hamour. Iliniuma, lakini sikuacha.

Ijumaa moja, kabla mrija haujabadilishwa, wageni wake kutoka mtaa wa Najma walipoondoka nilivuta pazia ghafla. Bi Zuhura alikuwa na chupa ya maji ya manjano na kipande cha pamba, anapangusa mdomo wa mrija.

Lilikuwa kombe. Mimi Msabato sikulijua, ikabidi anieleze: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kunywa alikuwa amekunywa.

“Dawa yenu yapita hapa, dada,” akasema. “Nami nikataka na dua ipite hapahapa.”

Hasira yote iliniishia, nikataka kulia. Maabara iliyapima yale maji, ikamkuta mdudu yuleyule. Nilimwomba dua asomewe kitandani, maji yakae mbali. Aliitikia, ila sikumwamini. Kila zamu nilikagua chini ya mto.

Sasa nimestaafu. Wauguzi wachanga wakiniuliza kinga ya mrija, huwatajia glavu na spiriti, kisha huwasimulia asubuhi nilipokwenda kuutumia ule mrija mpya. Bi Zuhura alinizuia kwa mkono.

“Umenawa?”

“Nimenawa, Bi Zuhura.”

“Sikukuona.”

Nikarudi kunawa upya, yeye akinikodolea macho mpaka kidole cha mwisho. Tiba yake aliimaliza.