Blandine Anashusha Kamera

Mwanamke huyu nilimkaripia mbele ya watu, kwa hiyo nina haki ya kumsifu kuliko nyinyi nyote.

Blandine anakaa Kikula, hapa Likasi, na kazi yake ni kupiga video za harusi na matanga. Alianza na picha za vitambulisho karibu na soko. Leo tunao vijana wenye kamera kubwa kuliko vichwa vyao, wanaozizungusha mpaka unatafuta ndoo ya kutapikia. Yeye huanza mbali, ukumbi mzima uonekane, ujue nani ameketi wapi. Halafu husogea, mpaka kifuani, mpaka usoni. Akitaka kuonyesha meza zote, hugeuza kamera polepole kama mtu anayesoma. Na maharusi wakiingia, huvua viatu akatembea kinyumenyume mbele yao, magoti yamelegea, na picha haitikisiki hata kidogo.

"Nilibeba ndoo ya maji kichwani miaka kumi," aliniambia. "Shingo inajua kazi."

Mwaka jana kaka yangu mkubwa, Augustin, alimwoza binti yake Stéphanie kwa Arsène, mtoto wa rafiki yake wa kiwandani. Augustin yuko kitandani tangu alipoumia mgongo, na mkewe alishafariki. Hakuweza kufika harusini, na jambo moja lilimtafuna: mtoto alikubali kwa kupenda, au kwa kumhurumia baba mgonjwa? Alimuuliza. Akajibiwa, "Namupenda, Papa." Binti gani angejibu vingine?

"Mama Blandine," kaka alimwambia tulipomwita kupiga video ya harusi, "minye siwezi kufika. Uniletee ukweli ya mutoto wangu."

"Papa, sura yake haitacheka. Weye unajua."

Kwetu bibi harusi hacheki. Akicheka siku hiyo, watu watasema anafurahi kuwaacha wazazi. Stéphanie alilelewa vizuri: kutwa nzima alinuna kama aliyefiwa.

Ukumbini, rumba imepamba moto, nikamkuta Blandine amechuchumaa pembeni mwa meza ya maharusi. Kamera inashuka kutoka usoni kwa bibi harusi, inaelekea chini ya kitambaa cha meza! Damu ilinichemka.

"Mama, weye! Tulikuita kwa bibi harusi ao kwa meza?"

Wageni waligeuka. Yeye hakunijibu, wala mkono wake haukutetereka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini siku hiyo methali hiyo nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Kesho yake mchana alileta video kwa kaka. Tukaangalia sisi watatu. Kanisa, ukumbi, wageni, kisha uso wa Stéphanie ukajaa kioo kizima, mkavu. Augustin akageukia ukuta.

"Basi. Nimeona."

"Bado, Papa. Angaria."

Uso ni ule ule. Kamera ikaanza kushuka bila kukatika: kidevu, shanga, mikono iliyotulia mapajani, ukingo wa kitambaa, kisha kivuli cha chini ya meza. Viatu vyeupe vimevuliwa. Mguu wa Stéphanie, mtupu, uko juu ya kiatu cha Arsène, unafuata rumba, unakanyaga, unakanyaga tena, na kiatu kinajibu. Kisha kamera ikapanda kwa njia ile ile hadi usoni. Bado amenuna!

"Kama ningekata katikati," Blandine alisema, "Papa angesema ni miguu ya mwingine. Na hii kipande ni ya Papa peke yake. Wengine hawataiona."

Kaka alicheka, machozi yakimtiririkia masikioni pale alipolala.

"Mama yake vilevile! Siku yetu alinikanyaga mupaka asubuhi, na ile sura ya matanga. Rudisha, mama. Rudisha niangarie."

Alirudisha mara nne. Mara ya tano nikasimama nikamwomba Blandine radhi, mimi ambaye sijawahi kumwomba radhi hata mke wangu.